Dhambi ya Ghorofa la Kona

Jumatatu, 3 Machi

Leo kwenye kipindi changu cha redio, Habari na Neno, nimetumia lori la vitunguu. Lilipinduka juzi kwenye mteremko, watu wakalikimbilia na magunia, ndoo, hata mashuka — dereva bado kabanwa ndani anaita! Mtu mmoja tu, mshona viatu, ndiye aliyetupa kazi yake chini akaenda kuvunja kioo. Nikawauliza wasikilizaji: kati ya wote hao, jirani ya dereva ni nani? Kisha nikanyamaza. Ukimya redioni unatisha kuliko kelele. Waya, fundi wetu wa mitambo, alinitolea macho nyuma ya kioo, akadhani kuna kitu kimeungua.

Simu zikaanza. Mama mmoja kasema na yeye alijaza ndoo, na tangu jana vitunguu vyenyewe vimemshinda kukaanga.

Meneja kafurahi. "Hiyo ndiyo Habari na Neno ninayoitaka. Inatia moyo, haimgusi mtu."

Haimgusi mtu! Sasa itamtia nani moyo?

Nyumbani mume wangu kanitania tena. Mwalimu wa hesabu, haamini kitu bila kukipima. Eti mafuta ya taa yakipanda bei tu, kesho yake wanawali kumi watakuwa hewani. Nikamwambia asinipe mawazo.

Lakini mimi naamini kweli. Mungu haongei Jumapili peke yake, wiki nzima akawa likizo.

Jumatano, 5 Machi

Ghorofa la kona limeanguka. Jana mchana. Wifi yangu alikuwemo. Yuko hai. Yuko hai! Ngoja niandike vizuri.

Ni lile la mkabala na posta. Chini saluni, juu yake ofisi, juu zaidi baa, na juu kabisa vyumba ambavyo havijaisha. Wifi, mdogo wake mume wangu, ni msusi pale. Ana mdomo usiojua kulala. Alikuwa kashika kichwa cha mteja. Anasema vumbi lilifika kabla ya sauti. Dari ikamshukia mguuni. Msusi mwenzake, yule waliyekuwa wakigombania kiti cha dirishani kila asubuhi, alikuwa karibu naye gizani. Wakawa wanaitana. Wanaitana. Halafu mwenzake akaacha kuitika.

Mume wangu alichimba kwa mikono. Mikono ile ya chaki! Leo haikunji vidole.

Mteja kapona. Waliokufa ni tisa.

Sikwenda kazini. Waya kaweka nyimbo.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nikiwa na hasira. Bwana nisamehe — au usinisamehe kwanza, ngoja nimalize.

Kanisa lilijaa hadi nje. Mchungaji kahubiri ghorofa la kona. Kasema nyumba yenye ulevi tumboni haiwezi kusimama. Kasema mkono wa Bwana umepita pale, wenye masikio na wasikie. Amina! Amina! Mama mkwe, kando yangu, naye akaianza amina yake — halafu akamkumbuka binti yake. Niliiona amina ikimkwama kooni.

Na mbele kabisa, kiti cha wazee wa kanisa, amekaa mkandarasi aliyelijenga. Kafumba macho. Leso mkononi. Anatikisa kichwa kwa masikitiko kama mtu aliyesimuliwa msiba wa mbali.

Ibada yetu inarushwa na redio yetu. Yaani maneno yale yalipita kwenye mitambo ya Waya, yakaingia hadi wodini. Nilipofika hospitali, redio ya mgonjwa wa kitanda cha pili ilikuwa bado inaongea. Wifi kageukia ukuta. Nikamwita. Kimya. Yule wa kuongea hadi na kitana!

Baadaye akaniuliza, bado kaangalia ukuta, "Wifi, mimi nilimkosea nini Mungu?"

Nikasema hakuna.

"Bia yenyewe siijui ladha. Na mwenzangu je? Alikuwa mwimbaji wa kwaya yule. Au ni kwa sababu tuligombana asubuhi ile?"

Nikampaka mafuta mguu wa pili, ule mzima, ili mikono yangu ipate cha kufanya. Jibu limenijia nikiwa njiani kurudi, nikasimama katikati ya barabara hadi nikapigiwa honi. Jibu lipo! Lipo siku zote, tumelikalia tu.

Kesho nalisema.

Jumatatu, 10 Machi

Nimesema.

Habari ya kwanza asubuhi: wakaguzi wanasema jengo lilipewa kibali cha ghorofa mbili. Likapandishwa hadi nne. Nguzo zilezile. Msomaji wa taarifa akamaliza, akaniachia kiti kikiwa bado na joto, nami nikaendelea na habari hiyohiyo.

Nikawaambia hata Yesu aliletewa habari za mjini. Walimletea za mauaji, wakisubiri aseme waliouawa walikuwa watu wabaya. Yeye akawaongezea nyingine, ya mnara wa Siloamu, uliowaangukia watu kumi na wanane. Mnadhani hao walikuwa waovu kuliko wenzao wote mjini? Akajibu mwenyewe: hapana. Hapana! Neno fupi namna ile, na sisi miaka yote hii tunalizunguka kama dimbwi. Kisha akawageukia waliobaki hai, akawaambia watubu wao.

Nilichosema baada ya hapo sikukiandika kwenye karatasi. Kilitoka chenyewe. Nikasema: dhambi kwenye lile ghorofa ilikuwepo, mimi sikatai. Ila tusiitafute kwenye glasi ya mnywaji wala kwenye kitana cha msusi. Tuitafute kwenye nguzo. Nondo nyembamba nayo ni ushahidi wa uongo. Atubu aliyepandisha ghorofa. Atubu aliyeona akanyamaza. Waliokufa, jamani, waacheni wapumzike.

Waya alisahau hata kuweka wimbo.

Simu! Mwanamume wa kwanza kafoka, "Dada, mimbari umepewa na nani?" Mwingine kasema nimemtukana mtumishi wa Mungu, nikae chini nilee watoto. (Ni wakubwa wote, baba. Wananilea wao sasa.) Halafu ikaingia sauti ya mzee. Mkewe alikuwa mhasibu kwenye ofisi za juu ya saluni. Nikajiandaa kutukanwa. Kasema tu, "Asante mwanangu. Sasa naweza kumzika leo bila aibu." Akakata.

Nilitoka nimelowa jasho. Lakini sijuti. Hata kidogo.

Jumanne, 11 Machi

Nimeitwa kwa meneja. Mchungaji naye yupo, kakaa kwenye kiti changu ninachokaliaga. Chai imemiminwa vikombe viwili tu. Nikaelewa.

Meneja kazungumza kwanza, macho mezani. Kanisa ndilo mlezi wa redio hii. Kuna mstari, na mimi nimeuvuka.

Mchungaji hakupaza sauti. "Binti yangu, tangu lini kondoo akamkemea mchungaji?"

"Kondoo akiona ukuta unadondoka hulia, Baba. Hangoji zamu."

Meneja kakohoa. Nilidhani Mchungaji atawaka. Kasugua uso kwa viganja, nikaona jinsi macho yalivyomwingia ndani. "Nimezika watu tisa wiki moja," kasema. "Kila nyumba wananishika kanzu, wananiuliza kwa nini. Wewe hujaulizwa. Ilinibidi niwape kitu."

"Nimeulizwa," nikamwambia. "Na wifi yangu, wodini, baada ya kukusikia wewe. Ungewapa 'sijui', Baba. 'Sijui, tulie pamoja.' Ingetosha."

Kwa muda kidogo hivi nilimhurumia. Halafu akamtaja mkandarasi: ni mtu wa sala, tusimhukumu kabla ya wakati. Huruma yote ikaniruka! Tusimhukumu — lakini marehemu tuliwahukumu Jumapili, kwa kipaza sauti, na wao hawana hata mdomo wa kujitetea!

Nilisema hivyo. Ndiyo, nilisema.

Uamuzi: nisiingie hewani hadi Jumatatu ya tarehe ishirini na nne. Siku hiyo nisome maneno ya kuomba radhi atakayoyaandaa meneja. La sivyo nikusanye vitu vyangu. Nina kikombe na sweta. Havihitaji kukusanywa.

Alhamisi, 13 Machi

Mama mkwe hasemi nami. Anaongea na masufuria. Leo yamepata habari zote: kuna watu wanajifanya wanajua Neno kuliko waliosomea, kuna ndimi zitaangusha na nyumba hii.

Mume wangu akaweka kijiko chini. "Mama, nguzo ya ghorofa mbili haibebi nne. Hiyo ni hesabu. Hakuna aliyetukana mtu."

"Mungu hapigiwi hesabu!"

"Mungu hapigiwi. Saruji ndiyo inapigiwa."

Mama mkwe kafunika sufuria. Kisha kauliza, kwa sauti nyingine kabisa, kama binti yake amekula leo.

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda kanisani. Si ningebaki nyumbani? Thubutu! Ni nyumba ya Baba yangu, sikuingia kwa barua ya mtu.

Nimekaa pangu. Watu wakasogea, wakasogea, hadi nikabaki na benchi zima kama malkia. Mwanamke niliyemshonea shela ya harusi kwa mikono yangu kaangalia dari. Nikaimba kwa nguvu. Siimbi vizuri, najua. Leo nimeimba vibaya kwa makusudi.

Wimbo wa pili nikasikia mtu ananisukuma kwa nyonga. "Sogea, umetanuka kama mkeka." Mama mkwe! Na kofia yake ya Pasaka. Hakuniangalia. Kafungua kitabu cha nyimbo, ukurasa usio wenyewe, akaimba.

Kiti cha mkandarasi kilikuwa wazi. Wanasema kasafiri. Mchungaji hakugusa habari za ghorofa. Kahubiri subira, kwa ufupi, sauti imekauka. Mlangoni alinipa mkono. Sijui ulikuwa na maana gani, ule mkono. Ulikuwa wa baridi.

Jumamosi, 22 Machi

Wifi katoka hospitali. Yuko kwetu, chumba cha mbele, plasta hadi pajani. Mwanzoni alikaa tu. Nywele hajasuka tangu siku ile, na hataki kuguswa kichwa.

Mchana Waya kaja kumwona. Kaleta ndizi, na kwenye simu yake kipindi changu cha tarehe kumi. Nilitaka kumzuia. Wifi kainua kidole: nyamaza. Akasikiliza hadi mwisho. Akasikiliza tena. Ile hapana, kamwambia Waya airudishe nyuma. Hapana. Hapana. Machozi yanamtoka na wala hayafuti.

Kisha akapata sauti. "Kwa hiyo Jumatatu unakwenda kuomba radhi?"

Nikamwambia siendi kuomba. Nakwenda kukataa, wanifukuze mbele ya watu.

"Kwa ghorofa lililoniangukia mimi?"

"Ndiyo."

"Wewe ulikuwepo?"

Nikasema sikuwepo.

"Basi naona mnagombana tu, wewe na Mchungaji na meneja, kila mtu anamsemea Mungu na anatusemea sisi. Mwenzangu aliniita jina langu mara ya mwisho mule ndani. Unajua alikuwa anasema nini? Unajua?"

Sikujua. Sijawahi kumuuliza. Nilikuwa na jibu zuri kiasi kwamba nilisahau kuna mtu.

Hakuniambia. Kasema ataliambia kila sikio au hatamwambia yeyote. Halafu akaomba kitana.

Jumatatu, 24 Machi

Naandika studioni, kwenye goti. Karatasi ya meneja iko mbele yangu, imechapwa vizuri. "Ninasikitika kwa usumbufu." Usumbufu! Watu tisa.

Leo taarifa ya habari inasomwa chumba cha pili. Mkandarasi anatafutwa kuhojiwa. Bado kasafiri. Sasa wameingia michezo, maana yake bado kidogo tu.

Meneja kaja mwenyewe leo, kavaa suti. Kasimama karibu na Waya ili mkono wake ufike kwenye swichi ya kunikata hewani. Ameniuliza kama niko tayari. Nimemwambia niko tayari, na ni kweli, ila hakuuliza tayari kwa lipi.

Mlango wa chini umebamizwa. Nasikia mume wangu — kaomba ruhusa shuleni kukosa kipindi cha kwanza — anahema kama treni. "Shika mabega! Mabega, usinikabe!" Na juu ya kuhema kwake, mdomo ule usiojua kulala, umerudi, unamwelekeza kila ngazi.

Meneja kageuka. "Nani hao wanapanda?"

Nimevuta kiti cha pili hadi mbele ya kipaza sauti. Waya kaona. Kashusha macho kwenye vitufe vyake, na bila haraka yoyote kaondoa mkono wa meneja mezani, kama mtu anayepangusa vumbi.

Meneja kakimbilia mlangoni, mikono kaitandaza kama golikipa. Kachelewa. Wifi yuko ngazi ya juu kabisa, mgongoni kwa kaka yake, mguu wa plasta umetangulia, nywele kasuka mwenyewe, mistari imepinda yote.

"Shikamoo meneja," anasema. "Naomba nipite, mguu unaniuma."

Michezo imeisha. Taa nyekundu ya hewani imewaka, na kiti cha pili kinamsubiri Wifi.