Paa la Nyumba Yangu ya Lori

Mwanza, Jumamosi, Oktoba 1937

Tangu alfajiri hakuna upepo. Mawingu yamejaa upande wa Ukerewe lakini mvua haishuki, na joto ni lile la kumfanya mtu agombane na shati lake. Mikono yangu ni myeupe kwa rangi hadi kwenye viwiko. Sabuni imeshindwa. Naandika hivyo hivyo.

Nieleze kwa mpangilio, kama ningekuwa naandika habari za mtu mwingine.

Nyumba yangu ni lori. Mzungu mmoja mtafuta dhahabu alilijengea chumba cha mbao mgongoni, urefu futi kumi na mbili, upana sita, akaliezeka kwa turubai lililopakwa rangi. Alipoamua kurudi kwao akaniuzia. Ndani nina kitanda, meza na mashine ya kupigia chapa. Msimu wa pamba naliendesha hadi kwenye magulio ya Usukuma. Miezi mingine linasimama hapa Kirumba, karibu na mwalo samaki wanaposhushwa. Huu ni mwaka wa nne. Sina nyumba nyingine.

Mwezi uliopita niliandika gazetini kwamba mtaro wa soko la samaki umeziba, na maji yake yanamwagika pale kina mama wanapochota ya kunywa. Gazeti lilipofika Mwanza, karani mkuu wa mji aliniletea karatasi. Makazi yangu ni machafu, ilisema. Yakaguliwe Jumamosi ya leo. Yakionekana hayafai, yaondolewe ndani ya mipaka ya mji.

Alisimama kivulini akanyoosha kidole juu. "Bwana Mwandishi, unatuandikia uchafu wa soko. Umewahi kupanda ukaona kilicho juu ya kichwa chako?"

Sikuwa nimewahi. Miaka minne, hata mara moja.

Alipoondoka nikaazima ngazi. Makorongo vipara, wale wanaosubiri matumbo ya samaki, walikuwa wamegeuza paa langu kuwa kijiwe chao. Kinyesi kilikuwa kimeganda unene wa kidole, kimechanganyika na magamba, mifupa na maelfu ya vidudu vya ziwani vilivyokufa. Karani alisema kweli. Sikumpenda aliyeisema, lakini ilikuwa kweli, nami sijawahi kufuta kweli kwa sababu sikumpenda msemaji.

Basi nikaanza kusafisha, na hapo nikafanya ujinga wangu.

Kwetu kitu kikiwa kigumu, dawa yake ni magadi. Maharage magumu, magadi. Sufuria lenye masizi, magadi. Nikachemsha debe zima, nikamwaga juu ya paa, nikaacha asubuhi nzima juani, kisha nikasugua kwa brashi ya makumbi. Kinyesi kilitoka. Na rangi ikatoka pamoja nacho, ikijikunja kama utando wa uji uliopoa. Adhuhuri nilikuwa nimepiga magoti juu ya turubai tupu, lililochoka, huku wanawake wa mwaloni wakinitazama kutoka chini.

"Baba Gazeti," mmoja akaniita, "unasafisha au umepanda kuatamia mayai?"

Wengine walicheka hadi wakatua vikapu. Niliendelea kusugua, maana kushuka wakati ule kungekuwa kubaya zaidi.

Mwenye duka la rangi, Bwana Velji, aliniambia kwa upole kwamba magadi hula rangi ya mafuta, kila fundi anajua hivyo, na kwamba turubai lile nilitupe. Sikulitupa. Nilikwenda kwa Mzee Mazigo, Mkerewe anayeziba mitumbwi pale mwaloni. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho, nikamweleza yote pamoja na habari ya magadi. Nilidhani atacheka kama wale wanawake. Alikuja, akapanda, akapapasa turubai kwa kiganja, akashuka.

"Ni vizuri rangi imetoka," alisema. "Mimi mtumbwi siupaki kitu kabla sijajua unavuja wapi."

Akaniambia jinsi wanavyofanya. Mtumbwi hufunikwa kifudifudi saa sita mchana, fundi anaingia chini yake, wenzake wanaziba kingo zote kwa mchanga hadi ndani kuwe giza. Jua ndilo linaloonyesha matundu. Tukabandua mbao za dari, tukafunga mlango, tukaziba madirisha kwa mablanketi. Nikaketi gizani kitandani kwangu, jasho likinidondoka kidevuni, nikiwa na kijiti kirefu kilichofungwa mkaa nchani.

Juu yangu zilikuwapo nyota mchana.

Nilizihesabu: thelathini na saba. Kila moja nikaizungushia mkaa. Nyingi zilikuwa kwenye mshono wa katikati, juu hasa ya mto ninaolalia. Miaka minne kitanda kikilowa mvua, nilikuwa nalaumu madirisha.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya subira. Kwanza mafuta ya kitani yaliyopashwa moto, mkono mwepesi, siku mbili za kukauka. Kisha viraka vya kitambaa cha marikani, kila kimoja kikilazwa ndani ya rangi nzito mbichi na kukandamizwa kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje, hewa isibaki. Kisha rangi nyeupe mara mbili. Mzee Mazigo alikataa malipo ila tumbaku. Akaniletea wavu wake mkuukuu, tukautandaza juu ya vijiti, kimo cha shubiri moja kutoka kwenye paa, makorongo wasipate pa kukanyaga. Mmoja alijaribu jana. Aliondoka amekasirika.

Leo saa nne wakaja, karani pamoja na Bwana Afya, mkaguzi wa usafi wa mji, Mjita mtulivu asiyependa maneno. Kwa kuwa mvua haikunyesha, niliomba paa limwagiwe maji. Wanawake walewale walionicheka ndio waliopandisha madebe, kumi, moja baada ya jingine. Bwana Afya aliketi ndani, kofia magotini, akitazama juu. Baadaye akapitisha kiganja kwenye mshono wote. Nilimwonyesha mwenyewe mahali penye unyevu kidogo, kona ya mlango. Akapagusa, akasema panahitaji kiraka kimoja tu. Akaandika: panafaa kukaliwa.

Karani alichukua karatasi akaongeza kwa mkono wake: kwa miezi mitatu tu. Kisha akaniinamia.

"Ukiuacha mtaro wa watu, itakuwa mwaka mzima."

"Niandikie hayo hapo chini," nikamwambia, "utie sahihi."

Hakuandika. Aliondoka bila kuaga.

Sitajidanganya kwamba siogopi. Nina miaka hamsini na mbili, na nikifukuzwa hapa sijui nitasimamisha lori wapi. Lakini mchana nilikwenda sokoni kutazama. Mtaro umeziba vilevile. Nimeshapiga chapa ukurasa wa kwanza: paa langu lilikuwaje, nani alileta karatasi, na nini nilichoahidiwa mlangoni kwangu ili ninyamaze.

Januari watarudi. Paa nitalipanda kila mwezi. Habari za mtaro nitaandika kila wiki.