Wanafunzi Wangu Hawafeli, na Hiyo Ndiyo Aibu Yangu

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijatia saini, maana mwenzio nina furaha nisiyoweza kumwonyesha mtu. Mimi ni mwalimu wa udereva, huu mwaka wa kumi na moja, na wanafunzi wangu hawafeli, siri yenyewe ni kwamba mtihani hupita barabara ileile miaka yote, basi mimi huwakaririsha, "ukiona duka la rangi washa indiketa ya kulia, ukifika kwa kinyozi punguza gia," na binti yangu wa pekee nilimfundisha hivyohivyo, kwa sababu ameahidiwa kazi ya kusambaza mikate kwa gari. Mwezi uliopita akaja mtahini mpya, mama mmoja mkavu, walipofika duka la rangi akamwambia kata kushoto, mtoto akachanganyikiwa, akakanyaga mafuta badala ya breki, gari likapanda njia ya waenda kwa miguu, yule mama akavuta breki ya mkono zikiwa zimebaki hatua mbili kumfikia fundi viatu mmoja aliyeketi hapo na kazi yake. Mzee wa watu akainuka, akajikung'uta, akasema, "Binti, mimi nashona viatu, miguu siiwezi."

Mwanangu kafelishwa, nami kila nikiamka namshukuru yule mama, maana fundi yu hai na mtoto wangu hana damu ya mtu mikononi. Sasa ofisi ya leseni inakusanya maoni, je, mtihani uwe mgumu zaidi na njia ibadilishwe kila mara, walimu wenzangu wameandika barua ya kupinga, wanataka saini yangu itangulie, na binti, ambaye lazima aurudie mtihani apate ile kazi, ananiambia, "Mama, usiposaini umenisaliti," nami nikikataa itabidi niseme kwa nini. Nifanyeje?

Mwalimu wa Udereva

JIBU

Mwalimu, pole, na hongera kwa kujua kushukuru. Wengi wangekwenda kumtukana mtahini. Ila ngoja nikugombeze kidogo. Miaka kumi na moja! Hao wote uliowapitisha wako wapi sasa? Wako barabarani, mama, pamoja na mimi ninayevuka kwa miguu kila asubuhi. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Usisaini. Andika barua yako mwenyewe, useme mtihani uwe mgumu na ueleze ulivyokuwa ukifundisha. Wenzako watanuna, waache wanune. Nenda ukamshukuru yule mtahini kwa kinywa chako, kazi yake haina wengi wa kuiambia asante. Kisha waite wanafunzi wako wa zamani, uwapeleke mitaa wasiyoijua.

Lakini kabla ya hayo yote, leo hii, mkalishe binti yako umwambie maneno mawili: "Nilikufundisha vibaya." Anadhani yeye ndiye mjinga, na wewe umemwacha adhani hivyo mwezi mzima. Akilia, lia naye. Akishanyamaza mpe ufunguo, ukae kando yake, na safari hii ufunge mdomo umwache aitazame barabara.