Machungwa ya Wagonjwa Wangu

Mbinga, Jumapili ya katikati ya Julai. Ukungu umeshuka tangu asubuhi na hauna dalili ya kuondoka. Nimerudi kutoka misa, nimejifunika shuka juu ya sweta na bado natetemeka. Sisi tuliozaliwa Liuli, kwenye joto la ziwa, baridi ya huku juu hatuizoei hata tukikaa miaka mingapi. Lakini leo sidhani kama ni baridi tu.

Nimeumia. Acha niliandike hivyo hivyo.

Wanaonisoma hapa wanajua nafanya kazi kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa, na kwamba mwaka jana nilipandishwa cheo nikawa msimamizi wa wachambuaji. Nilitangaza hapa hapa, nikaweka na picha ya kiti changu cha ofisini chenye magurudumu, mkanipongeza. Kabla ya hapo nilikuwa mchambuaji. Kahawa inamwagwa katikati ya meza ndefu, wanawake mnakaa huku na huku mkitazamana, mnaondoa punje nyeusi na zilizovunjika. Mikono ikishazoea haikusumbui tena, kwa hiyo mnapiga soga mpaka jioni. Nilidhani soga ndiyo iliyokuwa pembeni na kahawa ndiyo kazi.

Aliyekaa mbele yangu ni Eufrasia. Nilipofika kutoka ziwani sikujua Kimatengo hata neno moja. Yeye ndiye aliyenifundisha, akaanza na matusi ili nikitukanwa nijue. Binti yake Sabina alikuwa akitoka shule anapitia kiwandani, nami namsaidia hesabu wakati wa chai. Akazoea kuniita mama mdogo. Nikienda kwetu nilikuwa narudi na usipa wa kukaushwa, nawagawia wote, na kwa siku kadhaa meza nzima inanuka samaki na hakuna anayelalamika.

Tangu nipate cheo wananiita madamu.

Mwanzoni nilidhani wananitania. Kisha nikaona kwamba nikikaribia meza maongezi yanakatika na mikono inaongeza kasi. Mara ya mwisho nilipoleta usipa walipokea kwa mikono miwili, mmoja mmoja, wakishukuru kwa adabu mpaka nikaona aibu. Nilirudi ofisini nikafunga mlango. Sikumwambia mtu, maana utamwambia nani kwamba umeongezewa mshahara na una huzuni?

Mwezi uliopita tuliitwa semina Songea. Mwezeshaji alitufundisha mambo yanayomfanya mfanyakazi aridhike na kazi yake: malipo, cheo, mazingira mazuri, kuthaminiwa na wakubwa. Nikawa nakubali kwa kichwa, yote ninayo. Mwisho akataka kila mmoja aseme siku aliyoifurahia kazi kuliko zote. Nilitafuta siku moja tangu nianze kukalia kile kiti, nikaikosa. Nikasema ni siku niliyopandishwa cheo. Wakanipigia makofi.

Sasa, habari ya jana.

Meneja alikuwa ametangaza kwamba hakuna ruhusa kwa mtu yeyote mpaka mzigo uondoke. Jumamosi asubuhi simu zikaanza kuingia. Huyu tumbo, yule mgongo, mwingine presha, Eufrasia homa kali. Meza yangu ya zamani ikabaki tupu. Mtu mwenye akili timamu angeshtukia mchezo, lakini mimi niliingiwa na hofu, nikadhani wamekula kitu kibaya pamoja. Tulipotoka kazini nikanunua machungwa na pakiti ya glukosi, nikapanda bodaboda hadi kwa Eufrasia, njia ya Mpepai.

Nilisikia muziki kabla sijashuka. Uani kuna turubai, viti vya plastiki vimepangwa, watu wamejaa, na wagonjwa wangu wote wamevaa kitenge cha aina moja, cha bluu chenye maua ya njano, wanacheza. Ilikuwa sherehe ya kumuaga Sabina. Anaolewa wiki ijayo, na mimi nimelijua hilo nikiwa nimesimama getini na mfuko wa machungwa.

Waliponiona waliacha kucheza. Muziki uliendelea peke yake.

Laiti wangenifukuza. Walinipa heshima badala yake. Nilikalishwa mbele, karibu na wageni wa upande wa bwana harusi, nikaletewa soda na kitambaa cha kufutia mikono. Mshereheshaji akatangaza kwamba bosi wa mama mzazi amefika, watu wakashangilia. Sabina alinitazama kutoka meza kuu, kisha akainama. Maharusi huinama, najua, lakini mimi nilimjua mtoto huyo kabla hajajua kugawanya.

Sikuweza kukaa. Nikanyanyuka nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye masufuria, kule ambako katika shughuli zote zilizopita nilikuwa nakaa na kitunguu na kisu hadi macho yavimbe. Nikashika kisu. Editha, ambaye tulikuwa tunakaa naye bega kwa bega pale mezani, akanitoa kisu mkononi taratibu.

"Hapana, madamu. Utachafuka."

Hapo ndipo nilipolia. Mbele yao wote, na moshi haukuwa na hatia.

Eufrasia akanishika mkono akaniingiza chumbani kwake. Alizungumza bila kuniangalia. "Tarehe ilishapangwa na wakwe, hatukuwa na namna. Tungekwambia ungefanyaje, mdogo wangu? Ungetukatalia, tungekuchukia. Ungetukubalia, wangekufukuza. Tukaona bora usijue kitu."

Nikamwambia basi nitaomba nirudishwe mezani. Nilikuwa namaanisha, nilishaanza kupanga maneno ya kumwambia meneja.

Akatikisa kichwa. "Usirudi. Wakituletea mwingine, akisikia tunaumwa atakuja na machungwa?"

Kisha akavuta sanduku chini ya kitanda, akatoa kitenge cha bluu chenye maua ya njano, kimekunjwa, hakijashonwa. Walikuwa wamenunua na changu. Akasema nikishone nikitaka, ila nisikivae kazini wala mahali popote ambapo mtu wa kiwandani anaweza kuniona. Akakifunga kwenye mfuko ule ule niliobebea machungwa.

Kwa hiyo hawakunisahau. Nilikuwa nimejiandaa kuwakasirikia, na hasira imekosa mahali pa kukaa. Wananipenda na wananihitaji nibaki palepale ninapoumia. Sijui semina ipi inafundisha ufanyeje na hilo. Eufrasia aliniita mdogo wangu mara moja tu, ndani, mlango ukiwa umefungwa. Tulipotoka nje alinisindikiza hadi kwenye bodaboda na kuniambia mbele ya watu, "Asante kwa kutukumbuka, madamu."

Kitenge nimekitandika kitandani. Kizuri kweli. Fundi wangu naye ana dada kiwandani, kwa hiyo hata kushona sijui nitashona wapi. Mama kule Liuli ana cherehani, labda nimpelekee yeye, nikivae huko huko, nitembee nacho ufukweni ambako hakuna anayejua ni sare ya nini.

Kesho asubuhi meneja ataniuliza ilikuwaje meza nzima ikaugua siku moja. Nimeamua kumjibu kwamba nilikwenda kuwaona mwenyewe na walikuwa wanaumwa. Halafu nitapita kwenye ile meza, watanyamaza, nitawauliza wagonjwa wangu wameamkaje. Nao watajibu kwa pamoja, macho kwenye kahawa, "Hatujambo, madamu."