Khalidi ameizima kadi ya picha

Hamduni, huyu fundi Khalidi ataniua. Laptop yangu ya gemu ilikuwa inachemka, kanirudishia eti imepona. Nawasha gemu la mpira, wachezaji wanatembea kama wamebeba zege!

Nimerudi dukani kwake Mwigobero, nikamwambia mbele ya wateja wote: umenichomolea kadi ya picha, ile inayoipa gemu kasi. Ananijibu, "Sijachomoa, kaka. Nimeizima."

AMEIZIMA. Hamduni, ameizima!! Eti, "Si ulilalamika joto? Sasa ina joto?"

Unakumbuka redio ya mzee wangu 2017? Spika moja ilikuwa inakwaruza, Khalidi akaikata waya. Ndivyo anavyofanyaga huyu, anatibu jipu kwa kukata mguu.

Nikapiga kelele: iwashe hiyo kadi sasa hivi, Jumamosi nina mashindano Bunda! Akaiwasha. Mpira ukakimbia safi, nikaanza kuwahutubia wateja kuhusu haki zao. Dakika ya sita laptop ikazimika yenyewe, inaunguza kama kikaango.

Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa kacheka mpaka kakaa chini. Khalidi kaniuliza taratibu, "Sasa kaka, Bunda unataka ikatembee au ikazimike?"

Nimemwambia aizime tena.