Mfupa Wenye Tundu

Jumapili, Kilosa. Manyunyu yamekatika kama saa moja iliyopita, bati bado linadondosha, na mimi nimekaa barazani kwa wazazi wangu, mikono inanuka vitunguu saumu. Nimefurahi. Naliandika hilo mapema, kabla sijaanza kulipamba.

Wanaonisoma siku zote wanaijua kazi yangu. Napika kwenye nyumba ya wageni kule Mikumi, wanakofikia watu waliokuja kutazama tembo na twiga, ambao wakirudi jioni wanataka kula kama wako kwao. Huu ni mwaka wa nne. Nimepikia watu nisiowajua majina, na wengi hata sura zao sijaziona, naona sahani tu zikirudi. Baba yangu mzazi sijawahi kumpikia hata sahani moja ya kazi yangu.

Hilo lilianza kuniuma wiki iliyopita, Mama aliponipigia simu.

Mama si mtu wa kulalamika. Alianza na habari za kuku wake, akahamia kwenye nyanya za Chanzuru zilivyojaa sokoni, na mwishoni kabisa, kama mtu aliyekuwa amesahau, akasema Baba ametoboa tundu jipya kwenye mkanda wake. Ametumia msumari. Ni la pili tangu Mfungo.

Baba alikuwa fundi wa reli, kama baba yake kabla yake. Kwenye shughuli za mtaani alikuwa anasogezewa mifupa iliyowashinda wenzake aivunje kwa meno, na watu wanacheka. Mwaka huu aling'olewa magego, yote ya kulia na mawili ya kushoto. Hataki lizungumzwe. Tangu hapo nyama ikiletwa anasema, "Nimeshiba," anamsogezea Mama finyango zake, anamalizia mchuzi na kunawa.

Na mimi nina kosa langu hapo. Sikukuu iliyopita, mbele ya wageni, nilimuuliza kwa sauti, "Baba, nikukatie vidogovidogo?" Nilidhani ndiyo mapenzi. Baba alinawa, akasema ameshiba, akatoka nje. Hakunifokea. Angenifokea ningepona haraka zaidi.

Kwa hiyo safari hii nilijua ninachokiendea. Nikimwaibisha mara ya pili, hatakula tena mbele yangu, labda hata mbele ya Mama. Na mkanda nao una mwisho wake.

Kuna chakula cha Kitaliano ambacho Shefu wetu hukipika wageni wakiagiza siku moja kabla. Aliwahi kuniambia jina lake maana yake ni mfupa wenye tundu. Ni muundi wa ng'ombe, ile nyama ya chini ya goti, inakatwa mapande ya mviringo, mfupa katikati na uboho wake ndani. Inapikwa na mboga kwa moto mdogo, saa tatu au zaidi, mpaka haihitaji kisu. Wala meno. Chini yake unaweka viazi vya kuponda, laini, na maziwa na siagi. Nikasema basi, hiki ndicho.

Jana asubuhi nilitoka Mikumi na karoti na selari, ile mboga ya mabua yenye harufu kali, kwenye mfuko, maana selari Kilosa sikuitegemea. Niliteremka stendi nikaenda moja kwa moja buchani.

Nilimweleza muuza nyama ninachotaka. Akanitazama kwa huruma.

"Dada, hiyo ni nyama ya supu. Unapika kwa ajili ya nani?"

"Baba yangu."

"Mzee wako unampa nyama ya supu? Chukua steki."

Nikashikilia msimamo. Akauteremsha mguu, akauweka kwenye gogo, akainua shoka. Nilipiga kelele watu wote buchani wakageuka. Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho Mikumi sikuwahi kukiwaza, kwa sababu kule nyama inakuja imeshakatwa kwa mashine. Bucha zetu zinakata kwa shoka. Shoka linapasua mfupa, vipande vinachoma ulimi, na uboho unabaki kwenye gogo. Mfupa wenye tundu ungekuwa mfupa wenye vijiti.

Nikaondoka na mguu mzima begani, umefungwa kwenye gazeti, hadi kwa shemeji yangu Ramadhani, mume wa dada, ambaye ni fundi seremala.

"Shemeji, msumeno huu nakatia mninga," alisema.

"Leo utakatia ng'ombe."

Nilichemsha maji nikauosha msumeno mara mbili mbele yake. Alipima kwa penseli, unene sawa, vidole viwili kila pande, akakata sita safi kabisa. Kisha akapuliza kama anavyopuliza vumbi la mbao. Nililazimika kuosha na nyama.

Leo baada ya chai nimewasha jiko la mkaa. Nilizungushia kila pande uzi wa katani niliouchemsha, nyama isije ikaachana na mfupa. Mama alisimama mlangoni akauliza kama naifunga isikimbie. Nikaipaka unga wa ngano, nikaikaanga pande zote mpaka ikawa na rangi ya kahawia, nikaitoa. Kwenye mafuta yaleyale vikaingia vitunguu, karoti, selari, vitunguu saumu, halafu nyanya. Shefu huwa anamimina divai. Nyumbani kwetu divai haiingii, kwa hiyo nililoweka ukwaju, nikakamua, nikachuja. Nikarudisha nyama, nikaongeza maji, nikafunika, nikapalia mkaa juu ya mfuniko kama wa wali.

Kisha nikakaa kitako. Ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ambayo kazini siipati, kwa sababu kule daima kuna sufuria nyingine.

Mama alikuja kukaa nami. Tuliongea mambo mengi na hatukumtaja Baba hata mara moja, ingawa tulikuwa tunamzungumzia yeye muda wote.

Harufu ikaanza kutoka. Baba alikuwa anachonga mpini wa jembe uani, amenipa mgongo. Alipoondoka kwenda msikitini kuswali adhuhuri, alipita karibu na jiko bila sababu yoyote, maana njia ya msikitini haipiti hapo. Nikajifanya sijamwona.

Nikaviponda viazi. Siagi, maziwa ya moto, chumvi, laini kama mawingu. Nikajipongeza.

Mama akafunua sufuria, akachungulia.

"Tatu, mtoto wa nani anaachishwa ziwa?"

Nilisimama na mwiko mkononi. Miaka minne kule hoteli nimeviita mashi, vinakwenda kwa watu wazima wenye ndevu, wala hakuna aliyewahi kuona aibu. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kwetu viazi vya kuponda kwa maziwa ni chakula cha watu wawili: mtoto wa miezi sita na mgonjwa anayelishwa kwa kijiko. Na mimi nilikuwa nimemwandalia hicho mzee asiye na magego, na vijiko nimeshavipanga mkekani, kimoja kimoja, vinang'aa.

Nikaona sikukuu ile inarudi yote. Kibaya zaidi, safari hii nisingeweza kusingizia ulimi, maana nilikuwa nimefanya kwa kukusudia na kwa siagi.

Kupika ugali muda haukuwepo. Tulishasikia kikohozi cha Baba kwenye kona ya nyumba ya jirani.

Sijui nani aliyenituma. Niliirudisha sufuria motoni, nikashika mwiko kwa mikono miwili, nikasonga. Shefu ana amri moja kuhusu viazi: usivikoroge sana, vitanata. Nilivikoroga kwa nguvu zangu zote. Vikaanza kukaza, vikanata, vikawa vinavuta mwiko. Jasho linanitoka, Mama ameshika sufuria isipinduke, anacheka mpaka machozi. Nililowesha bakuli, nikavitia, nikavitikisa, nikapindua kwenye sahani. Kikasimama kilima cha duara, kinang'aa, hakina hata ufa. Mama akakusanya vijiko akavificha kwenye kanga yake, akatoka na beseni la kunawia.

"Shikamoo, Baba. Karibu chakula."

"Marahaba." Alikaa. Akakitazama kile kilima. "Nini hiki?"

"Ugali wa viazi, Baba. Wataliano wanakula na mchuzi huu."

Nilidanganya mchana kweupe, ndani ya nyumba ya wazazi wangu, na mikono nimeshanawa.

Baba alikata tonge. Niliangalia vidole vyake kuliko nilivyowahi kuangalia kitu chochote jikoni. Akalifinya, akalibonyeza kwa dole gumba, likakubali. Akachovya, akala. Akakata la pili, na safari hii tonge lilipita kwenye nyama, na nyama ikaja yenyewe, ikaachia mfupa bila kuvutwa. Akaitia mdomoni.

Mimi nikainamia sahani yangu. Sikutaka anione nikimwona.

"Nyama hii," Baba alisema, "haina ubishi."

Mama akasema ndiyo, haina. Ningefungua mdomo ningelia, na mtu halii juu ya ugali wa viazi.

Halafu alikuta mfupa. Aliugeuzageuza, akapitisha kidole kwenye ukingo uliokatwa na msumeno, akauliza nani amekata, nikamwambia. Akatikisa kichwa kama fundi anayekubali kazi ya fundi mwenzake. Akaugonga kwenye ukingo wa sahani, ko, ko, ko. Mlio huo ndio niliokulia. Tulipokuwa watoto tukiusikia tulijua Baba amefika mwisho wa kula na yuko sawa na dunia. Uboho ukateleza wote, akaufyonza, akafumba macho.

Uboho hauhitaji magego. Ni mashoka yetu tu yaliyokuwa yanamfanya ahitaji.

Nikangoja neno lake. Nilishajiandaa kulisikia, nimeshikilia ukingo wa mkeka.

"Niongezee," akasema.

Nilimwongezea. Akala mapande mawili na nusu ya kilima, na nusu nyingine nadhani aliiacha kwa ajili ya heshima tu. Alipomaliza alimtazama Mama akasema, "Huu ugali wa Kitaliano ujifunze." Mama akasema atajifunza, ingawa unachosha mikono. Kijiko kimoja kikamponyoka kwenye kanga kikaanguka sakafuni, *kling*, akakikanyaga kwa mguu.

Baba alikitazama kile kijiko chini ya mguu wa Mama. Kisha akanitazama mimi.

"Mmenificha vijiko," alisema.

Mama hakuuondoa mguu.

"Mmefanya vizuri." Akanawa mikono, taratibu, kila kidole. "Wiki ijayo shemeji yako akate mapande manane."

Kwa hiyo alijua. Sijui alijua tangu lini: tangu tonge la kwanza, au tangu alipopita jikoni akielekea msikitini kwa njia isiyokwenda msikitini. Nimekaa hapa barazani nikijiuliza ni nani kati yetu aliyekuwa anamstahi mwenzake. Nilidhani mimi ndiye niliyemficha aibu yake. Inawezekana alikula tonge la kwanza la viazi vya mtoto ili kunifichia ya kwangu.

Jambo jingine. Nimemtumia Shefu ujumbe nikaungama nilivyoviharibu viazi. Amejibu kwamba kule Italia wapo watu wanaosonga ugali kabisa, wa mahindi ya njano, na mchuzi kama huu wanaumwagia juu. Kumbe uongo wangu haukwenda mbali sana. Ningepika tu ugali tangu mwanzo. Lakini nilitaka Baba aone kazi ninayoifanya, na huo ndio ukweli wenyewe. Nilikuja kumlisha, na pia nilikuja kujionyesha.

Nimeamua mambo mawili. Jumapili yangu ya mapumziko ni ya Kilosa, Mikumi watasubiri. Na msumeno wa Ramadhani nitaununulia mwenzake, abaki na wa mninga, sisi tuwe na wa ng'ombe.

Baba yuko kwenye kiti chake mlangoni, hatua tatu kutoka nilipo, anajifanya anatazama kama mvua itarudi. Ameshika mkanda. Anapapasa tundu lile la msumari, analiacha, anarudi nyuma tundu moja.