Kura Saba za Kibabi

Hombo, Jumatatu

Kwako dada yangu Laetitia,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe, shemeji Damien na watoto wote. Mko namna gani huko Shasha? Kifua chako kimepona, au moshi wa kukausha samaki bado unakusumbua? Sisi hapa tuko wazima kiasi. Mvua ya Walikale haijui kukoma, muhogo unaota vizuri, na Papa amepata marafiki wapya ambao tayari anawashuku. Macho yake yamezidi kufifia. Mtu akipita barabarani, ananiuliza ni nani, anatoka wapi, na kwa nini amepunguza mwendo mbele ya nyumba yetu.

Barua hii nampa Mama Généreuse, muuza mawese. Nimeifunga kwa plasta kwa sababu mama huyo hupenda kusoma vya wengine. Ukiona plasta imebanduliwa, ujue Minova yote imepata habari kabla yako.

Barua ya shemeji ilifika siku ya soko, wiki mbili zilizopita. Sina hakika kama alikuonyesha kabla ya kuituma, kwa hiyo nakueleza. Aliandika kwamba harusi ya Béata imekaribia, na mtoto hataki kutoka kwenu bila baraka ya babu yake. Ndiyo maana yeye Damien anakubali kosa: mwaka 2018, alipokaa kama shahidi wa Papa ndani ya biro ya kura, pale shule ya kwetu Kibabi, alinunuliwa na akaacha kura kumi zigeuzwe. Akaomba msamaha. Papa hawezi tena kusoma, basi ni mimi niliyemsomea. Aliniamuru nirudie mstari ule mara tatu.

Unajua Papa anavyozitaja kura za Masisi, moja baada ya nyingine kama watu wa ukoo. Mwaka 2006 karatasi ilikuwa pana kama kitambaa cha meza. Alirudi na kidole cheusi akakataa kukiosha wiki nzima. Mwaka 2011 akasema waliochaguliwa wamesahau njia ya Kibabi. Mwaka 2018 akasimama mwenyewe, kandida wa bunge la jimbo, namba 108. Hakutumaini kushinda Masisi yote, maana mwaka ule kila kilima kilikuwa na kandida wake. Alitaka tu watu wa nyumbani wamkubali. Akapata kura nne: yake, yako, ya shemeji na yangu. Na kwenye orodha ya bunge la kitaifa, mtu mmoja ambaye Kibabi haikuwahi kuona hata kivuli chake akapata saba.

Kura saba hizo ndizo zilizoharibu ukoo wetu. Wale mama wazee saba, makoko wetu, waliapa mbele ya Papa kwamba walichagua 108. Koko Mukamurenzi, aliyemzaa, alikufa akiapa hivyo. Basi Papa akasema kama makoko hawakudanganya, shahidi ndiye aliyedanganya. Mwaka 2023 vita vikazuia Masisi kupiga kura, tukakimbia, na hapakuja uchaguzi mwingine wa kuifunika aibu ile. Miaka yote hii hajala kwa Damien wala kumpa mkono.

Nilidhani barua ya shemeji itamtuliza. Kumbe nilikuwa simjui baba yangu. Alisema Damien anadanganya, kwa sababu kura zilikuwa saba na yeye ameandika kumi. Mwizi hasahau alichoiba. Kisha akakumbuka kwamba siku ile ni wewe uliyewatoa makoko manyumbani ukawaleta shuleni. Akaniambia maneno haya: “Bwana akibeba zambi yenye haiko yake, anafichaka bibi yake. Laetitia njo aliniuza.” Akaniamuru nikuandikie kwamba usikanyage tena kwake, na Béata atafute baraka kwa upande wa baba yake. Nilikaa na kalamu siku nne. Barua aliyoniagiza sikuiandika. Naandika hii.

Dada, uliwaleta makoko mpaka mlangoni. Aliyeingia nao kwenye mashini ya kupigia kura ni mimi. Hawakujua kusoma, na mimi nilikuwa na diploma na suruali mpya, nikasema niachieni, hii ni kazi ndogo. Kampeni yote tuliwafundisha namba tu, 108, 108, hata kanisani waliimba. Mashini ilipomaliza rais ikaomba namba, nikaandika 108. Ikatokea picha ya mzee wa shingo nene. Nikajiambia wamekosea picha. Nyuma watu walikuwa wanalalamika, na niliona haya kumwita afisa, nikabonyeza kukubali. Ukurasa uliofuata niliupita mbio, nikidhani tumemaliza. Nikafanya hivyo mara saba.

Nilipofika kwenye kura yangu mwenyewe nilienda polepole, na ukurasa ule wa mwisho, wa bunge la jimbo, ukanitolea uso wa Papa. Ukurasa ule wa mzee wa shingo nene ulikuwa wa bunge la kitaifa. Makoko walikuwa wameshaenda nyumbani, wamefurahi, wakionyeshana vidole vyeusi.

Nilinyamaza. Kwanza kwa kuogopa kofi, baadaye kwa kuogopa miaka niliyokwisha kunyamaza. Damien alilipa deni langu, nami nilikuwa nakula samaki nyumbani kwake. Nimeona haya mpaka nimechoka kuona haya.

Unakumbuka Papa anavyotunza kopi ya pevé, ile karatasi ya matokeo, ndani ya Biblia. Kila Jumapili baada ya misa ananiomba nimsomee. Huwa namsomea majina na kura. Ile safu ya namba, yenye maandishi madogo ambayo macho yake yalishindwa kuyasoma hata mwaka ule, naruka, kwa sababu mgeni yule wa kura saba naye ni 108 kwenye orodha yake, na Papa ataelewa mara moja. Ana macho mabovu, akili anayo.

Mwambie shemeji aniwie radhi, na asikubali tena kosa mbele ya mtu yeyote. Umsomee haya yote kwa sauti, usimfichie neno. Na Béata asitafute baraka pengine, angoje kidogo. Ukiniona Shasha na mfuko mgongoni, ujue Papa amenifukuza, na uniandalie mahali pa kulala hata karibu na samaki.

Wasalimie majirani wote wa Kibabi mlio nao huko, na Mungu awalinde na barabara hizi. Jumapili hii nitamsomea Papa pevé, na nitasoma namba pia.

Ni mimi mdogo wako,
Albert Tuyizere