Kibuyu Ulichokishona kwa Mkono Wako

Mwanangu Nkirote,

Sikuandikii kwa sababu ya asali. Mizinga yangu ya Githongo itajaa tena. Nakuandikia kwa sababu ya neno moja ulilolisema kwenye uwanja wa ndege, mbele ya watu, nikiwa nimesimama bila viatu.

Unakumbuka mwaka ule baba yako alipotaka kukuachisha shule ili uchume kahawa? Nilikuja kwenu nikamwahidi kwamba kikapu chako kitajazwa. Nilikijaza mwenyewe Jumamosi tatu, nikiwa na tai shingoni, na majirani zenu wakanicheka: "Mwalimu, siku hizi unasahihisha kahawa?" Wewe ulikuwa darasani, ukisoma.

Muhula wa mwisho ulilala kwetu ili usome kwa taa yetu. Marehemu mke wangu alikuita mwari, yaani binti kwa Kimeru, kama alivyowaita binti zetu. Kibuyu chake cha asali kilipopasuka ubavuni, alitaka kukitupa. Ukakishika. "Mama, nipe uzi wa mkonge," ulisema. Ukakishona, ukaziba matundu kwa nta, na mshono wako ukapinda kama njia ya mchwa. Alicheka mpaka akaketi. "Mshono huu hata kipofu ataujua ni wa nani."

Hicho ndicho kibuyu nilichokibeba. Mwanangu Muthomi anaoa ng'ambo, kwa watu wa Embu waliohamia huko zamani. Unajua desturi yetu: asali ya mahari hubebwa mikononi na baba wa kijana, wala haichanganywi na mizigo mingine, mpaka mzee wa upande wa pili aipokee. Kwa hiyo karani wa mizigo aliponishauri niitie kwenye sanduku, nilikataa. Kosa hilo ni langu, na nimelikubali.

Mlinzi wa mashine ya ukaguzi alikitoa kibuyu kwenye mfuko.

"Mzee, hii ni majimaji. Haipiti."

"Ni asali ya mahari."

"Hata ingekuwa ya harusi ya gavana, haipiti."

Nilikuwa nimevua viatu, saa na mshipi, nimeishika suruali kwa mkono mmoja. Ndipo nilipokuona umevaa sare, vyeo mabegani. Nilifurahi, Nkirote. Nakiri kwamba nilifurahi hata nikaisahau suruali.

"Nkirote! Ni mimi, Mwalimu."

Ulinitazama kidogo. Kibuyu ulikitazama zaidi; uliupitisha kidole chako kwenye ule mshono, kuanzia juu hadi chini. Mwenzako akakuuliza, "Madamu, unamjua huyu mzee?"

"Simjui," ulisema. "Wazee wa Meru wakifika hapa, kila mmoja ni mwalimu wangu."

Wenzako wakacheka. Niliomba jambo moja tu: nirudi nikampe kibuyu mpwa wangu aliyenisindikiza, ambaye alikuwa bado nje. Ulijibu, "Ndege haikungoji. Songa, mzee, umefunga laini." Kisha ukakitupa kwenye pipa wewe mwenyewe.

Sheria siilaumu. Ni mimi niliyekufundisha kuitii. Ungeniambia, "Mwalimu, samahani, haipiti," ningekusifu mbele ya wenzako. Labda uliogopa kudhaniwa kwamba unawapendelea watu wa kwenu. Nimejaribu kukutetea kwa hoja hiyo nikashindwa, kwa maana kunijua hakukuvunja sheria yoyote.

Nilifika kwa wakwe mikono mitupu. Baba wa msichana alinikaribisha vizuri, akaniketisha, akauliza, "Asali iko wapi?" Dada yake ameolewa hatua chache kutoka kwa mama yako. Ningesema kweli, mama yako angeisikia kabla ya Jumapili, tena kanisani. Nikasema kibuyu kilianguka njiani kikavunjika.

Katika miaka yote uliyokuwa mwanafunzi wangu nilikuadhibu mara moja tu, nawe unakumbuka kwamba ilikuwa kwa sababu ya uongo. Sasa, katika umri huu, nimesema uongo kwa ajili yako.

"Basi na tule," mkwe alisema, "lakini maneno yetu yatangoja asali." Hata leo yanangoja, na Muthomi pamoja nayo.

Mwezi ujao nitapita hapo tena. Asali nitaitia kwenye sanduku. Mke wangu angekasirika, lakini nitaitia. Ukiwa zamu, usinilegezee chochote. Ukisema nivue viatu, nitavua. Lakini mwenzako akikuuliza tena kama unanijua, lijibu swali hilo kwa sauti, umesimama wima, kama ulivyokuwa ukinijibu darasani.

Ni mimi,
Mwalimu wako.